Njia Mbili Zilimshinda Fisi. Wewe Je?

Methali hii unaijua. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama upande wa kulia, akasikia nyingine upande wa kushoto. Akapeleka miguu ya huku huku na ya kule kule, mwisho akapasuka msamba akafa. Bibi zetu walitusimulia ili tuache tamaa.

Lakini hebu tuulize swali la kisayansi kidogo. Hivi ni kweli mnyama mwenye njaa hukwama namna hiyo? Na kama njia moja inaelekea kwenye nyama na nyingine kwenye maji, na fisi ana njaa na kiu kwa pamoja, ataanza na ipi?

Usicheke. Wanasayansi wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 80. Na majibu waliyopata yanakuhusu hata wewe uliyeingia darasani leo asubuhi bila kikombe cha chai. Twende polepole.

NJAA NA KIU NI NINI HASA?

Wengi tunadhani njaa ni tumbo kunguruma na kiu ni koo kukauka. Hizo ni dalili tu. Kazi yenyewe inafanyika kichwani.

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1999. Mafuta yaliyo mwilini nayo hutoa homoni yake, leptini, iliyojulikana tangu 1994. Hii kazi yake ni kupeleka habari kuwa akiba bado ipo. Habari hizo hupokelewa na sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi.

Kiu ina njia yake. Ukitoka jasho uwanjani, maji ya damu hupungua na chumvi iliyomo inakuwa nzito zaidi. Badiliko la asilimia 1 au 2 tu linatosha. Ubongo unalinusa, na wewe unaanza kutafuta bomba liko wapi.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walifanya jambo la ajabu. Walichukua panya walioshiba, wakaziamsha kwa mwanga seli chache za ubongo zinazohusika na njaa. Ndani ya dakika chache panya wale wakaanza kula kwa pupa kama waliolala njaa. Mwaka 2015 wengine wakafanya hivyo hivyo kwa seli za kiu: panya asiyehitaji hata tone la maji akakimbilia maji. Na kumbe jirani na seli hizo kuna nyingine zinazofanya kinyume chake. Zikiamshwa, panya mwenye kiu anaacha kunywa.

Umeelewa maana yake? Chakula kilikuwa kile kile, maji yale yale. Kilichobadilika ni thamani yake ndani ya kichwa cha mnyama. Zawadi haina bei moja. Hali ya mwili ndiyo inayoipangia bei.

PANYA KWENYE NJIA PANDA

Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Marekani, Clark Hull, aliwafundisha panya kupita njia mbili tofauti kwenda sehemu moja. Siku panya akiwa na njaa, njia moja ndiyo iliyompatia chakula. Siku akiwa na kiu, njia nyingine ndiyo iliyompatia maji. Panya walijifunza, lakini kwa taabu na kwa muda mrefu.

Mwaka 1935 mwenzake, Robert Leeper, akabadilisha mpango. Aliweka chakula mahali pake na maji mahali pake, kila kimoja na njia yake. Safari hii panya walielewa haraka zaidi. Akiwa na njaa anakata kona ya chakula, akiwa na kiu anakata kona ya maji.

Yaani panya hakuwa mashine inayopita njia aliyozoea tu. Alijua kule kuna nini, na mwili wake ukamwambia leo anahitaji nini. Mambo mawili hayo, kumbukumbu na hali ya mwili, ndiyo yanayofanya uamuzi.

NA ZOTE MBILI ZIKIJA PAMOJA?

Sasa turudi kwa fisi wetu. Wazungu nao wana kisa kama hicho: punda aliyesimama katikati, nyasi upande mmoja na maji upande mwingine, njaa na kiu sawasawa. Eti alishindwa kuamua akafa pale pale. Kisa hicho kimepewa jina la Jean Buridan, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 14.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa panya wenye njaa na kiu kwa wakati mmoja. Panya hao hawakukwama. Wala hawakula tonge moja, wakanywa funda moja, wakarudi tena kwenye tonge. Walishika jambo moja, wakaendelea nalo kwa muda, halafu ghafla wakahamia lingine. Ubongo ulikuwa kama umekaa upande mmoja, kisha ukasukumwa kidogo kidogo hadi ukavukia upande wa pili.

Kwa hiyo fisi wa porini, tofauti na yule wa hadithi, angeanza na kimoja.

Lakini njaa na kiu si maadui wakati wote. Wafugaji wanalijua hili bila kwenda maabara: ng'ombe akikosa maji, majani makavu anayakataa. Kusaga na kumeng'enya chakula kikavu kunahitaji maji mengi, kwa hiyo mwili wenye kiu unaipunguza njaa kwanza. Baada ya kunywa, hamu ya kula inarudi. Ngamia ndiye bingwa wa mchezo huu. Anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake akabaki hai, kisha akifika kisimani akanywa zaidi ya lita 100 kwa muda mfupi.

Ndiyo maana kuna siku sahani ya kande inakushinda saa saba mchana, unadhani chakula kibaya. Pengine wewe hujanywa maji tangu asubuhi.

CHUMVI: HAMU INAYOOKOA MAISHA

Hapa pana kisa ambacho ningependa usikisahau.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi zikiharibika, mwili hushindwa kuizuia chumvi, inapotea kwenye mkojo, na mgonjwa asipotibiwa hufa. Mwaka 1936 Curt Richter, mtafiti wa Baltimore nchini Marekani, aliwatoa panya tezi hizo. Panya waliopewa chakula cha kawaida peke yake walikufa. Waliowekewa pia chombo cha maji ya chumvi waliyanywa kwa wingi, wakaishi. Hakuna aliyewafundisha. Maji ambayo panya mzima angeyatemea mate, kwao yakawa zawadi kubwa kuliko zote.

Mwaka 1940 Richter na daktari Lawson Wilkins waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu. Mtoto huyu alikuwa akila chumvi kama wenzake wanavyokula pipi. Neno "chumvi" lilikuwa miongoni mwa maneno ya mwanzo aliyojifunza. Wazazi walikuwa wanampa kwa sababu bila hiyo alilia. Alipolazwa hospitali aliwekwa kwenye chakula cha kawaida cha wodini, akanyimwa chumvi yake. Baada ya siku saba akafariki. Mwili wake ulipochunguzwa, tezi zake zilikutwa na kasoro.

Mtoto yule hakuwa mlafi wala mtukutu. Alikuwa anajitibu, na watu wazima hawakujua.

Huku kwetu pia kuna mfano. Katika Mlima Elgon nchini Kenya kuna pango liitwalo Kitum. Tembo huingia humo gizani, wakipapasa njia kwa mkonga, ili kuchimba miamba yenye chumvi kwa pembe zao. Ndani kuna ufa ambao ndama wamewahi kutumbukia wakafa. Bado tembo wanaingia, maana majani ya mlimani hayawatoshelezi chumvi.

Je, hamu yoyote ni ishara nzuri basi? Hapana, usiruke upesi hivyo. Wapo wasichana wengi, hasa wajawazito, wanaopenda kutafuna udongo, mchele mbichi au barafu. Hamu ya namna hii mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, yaani damu kupungua. Lakini udongo hauongezi damu, tena unaweza kukuletea mayai ya minyoo. Hamu inakupa habari kwamba kuna kitu. Dawa yake iko kituo cha afya, ambako watapima wingi wa damu yako. Ukijiona hivyo, nenda. Si jambo la kuchekwa.

NJAA HUTUFANYA TUBAHATISHE

Mwaka 1980 mwanasayansi Thomas Caraco na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu ndege mdogo mla mbegu wa Amerika aitwaye junko. Ndege aliwekewa sehemu mbili. Ya kwanza ilitoa idadi ile ile ya mbegu kila mara. Ya pili ilikuwa bahati nasibu: pengine mbegu nyingi, pengine hakuna kitu. Kwa wastani zote mbili zilikuwa sawa.

Ndege ambaye njaa haijambana alichagua uhakika. Ndege aliyekaa muda mrefu bila kula alichagua bahati nasibu.

Mjinga? Fikiria. Kama chakula cha uhakika hakitoshi kumfikisha asubuhi, uhakika huo ni uhakika wa kufa. Bahati nasibu angalau ina mlango. Tuseme ukweli kwamba majaribio yaliyofuata kwa wanyama wengine hayakutoa jibu moja kila mara, kwa hiyo usiichukue kama sheria ya viumbe wote. Lakini jambo jingine limeonekana wazi kwa panya, kwa mfano katika uchunguzi uliochapishwa 2016: seli za njaa zikiwaka, panya huingia hata sehemu za wazi ambazo kwa kawaida anaziogopa. Njaa hupunguza sauti ya hofu.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakuwa na maabara, lakini waliona.

NZIGE ANAYEKUMBUKA SIKU YA NJAA

Hili ndilo linalonishangaza zaidi kuliko yote.

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliwafundisha ndege aina ya kwezi alama mbili. Alama moja kwezi aliikuta kila mara akiwa na njaa. Nyingine aliikuta akiwa ameshakula. Zawadi nyuma ya alama zote mbili ilikuwa sawa kabisa. Baadaye akawekewa zote mbili achague. Alichagua ile aliyoijua siku za njaa. Hata akiwa ameshiba, bado aliipenda ile. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2004.

Mwaka 2006 ikaonekana hivyo hivyo kwa nzige wa jangwani, ndugu wa wale waliovamia mashamba ya Kenya na nchi jirani mwaka 2020. Nzige mwenye ubongo mdogo hivyo naye alikithamini zaidi chakula alichokijua akiwa na njaa, ingawa hakikuwa bora.

Kwa nini? Kwa sababu tonge la kwanza kwa mwenye njaa lina raha kubwa, na kumbukumbu inaihifadhi ile raha bila kuandika pembeni kwamba "siku hiyo nilikuwa na njaa". Mnyama anadhani kitu chenyewe ndicho kizuri. Kumbe uzuri ulitoka kwenye njaa yake.

Soma tena aya hiyo. Tutaihitaji sasa hivi.

NA BINADAMU?

Utasema, mimi si panya wala nzige. Kweli. Lakini hebu tuone.

Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwasimamia vijana wa kiume 36 waliojitolea kupunguziwa chakula. Nia ilikuwa kujifunza namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walikula kidogo, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Miili ilikonda, lakini kilichowashangaza wengi ni akili. Waliwaza chakula mchana na usiku. Baadhi walikusanya vitabu vya mapishi. Masomo yaliwashinda, hasira zilikuwa karibu, na hata habari za wasichana hawakuzitaka tena. Walikuwa watu wale wale, isipokuwa njaa ilikuwa imepanga upya vitu vyote kichwani mwao.

Jingine unaliona kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani, nenda sokoni saa kumi na moja jioni ukiwa umefunga. Kila kitu unakitaka: mihogo, maboga, tambi, kachori, juisi ya ukwaju. Unanunua kikapu kizima. Adhana ikilia, tende mbili na bilauri ya maji, ah, utamu wake hauna mfano! Bilauri ya tatu ya maji yale yale haina ladha tena, na nusu ya kikapu inalala.

Lakini ona pia jambo la pili katika mfano huo huo. Aliyefunga alipita mbele ya chakula mchana kutwa na hakukigusa. Njaa inapandisha bei ya chakula, ndiyo. Uamuzi wa kununua bado uko kwako. Hapo ndipo unapotofautiana na nzige.

SASA TUONGEE KUHUSU WEWE

Huna haja ya kwenda maabara ili haya yakusaidie. Angalia mambo manne.

Kwanza, maji. Beba chupa. Ukiwa na kiu, soda baridi inaonekana kama ndiyo jibu pekee duniani. Mwili wako unachoomba ni maji. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, kama vijiko saba vya chai. Kunywa maji kwanza, subiri dakika kumi, halafu jiulize kama soda bado unaitaka. Kama maji ya shule si salama, yachemsheni au yatieni dawa.

Pili, asubuhi. Si lazima mkate na mayai. Uji, kiporo cha wali, kiazi kitamu au mhogo wa kuchemsha vinatosha kukufikisha mchana. Kama nyumbani hakuna, si aibu yako. Mweleze mwalimu unayemwamini. Shule nyingi zimeanza uji kwa sababu wanafunzi na wazazi walilisema jambo hili kwenye kikao.

Tatu, usiamue mambo makubwa ukiwa na njaa kali. Kutaka kugombana na rafiki, kukopa hela, kuacha shule ukauze barabarani, kuingia kamari ya mechi kwa shilingi ya nauli: kumbuka yule junko. Kula kitu kwanza, halafu fikiri. Ukiona baada ya kula wazo bado ni zuri, angalau umelipima ukiwa na akili iliyotulia.

Nne, na hili ni zito. Yupo mtu mzima anayesimamisha gari au pikipiki karibu na shule saa za kutoka. Ana lifti, ana chipsi, ana soda. Anajua saa hizo una njaa na nyumbani ni mbali. Chipsi zile zikikukuta na njaa, zinakuwa tamu kuliko zote, na aliyezileta anaonekana mwema kuliko wote. Wiki ijayo utamkumbuka kwa uzuri, hata ukiwa umeshiba, kama nzige anavyokumbuka. Kisha anaanza kudai malipo, na malipo yenyewe unayajua: mimba, magonjwa ya zinaa, virusi vya UKIMWI, masomo kukatika. Hii inawahusu wavulana pia.

Sikiliza vizuri hapa. Kuwa na njaa si kosa. Hata kama ulishapokea, kosa si lako. Ni la mtu mzima aliyeifanya njaa yako kuwa mtego. Mweleze mzazi, shangazi, mwalimu, mtu yeyote atakayekusikiliza. Tanzania, Kenya na Uganda kuna simu ya bure ya kuwasaidia watoto, namba 116.

JARIBU NA WENZAKO

Siku mbili tofauti, andika kwenye daftari vitu vitano ambavyo ungenunua ukipewa shilingi kidogo. Siku ya kwanza andika kabla ya chakula cha mchana, siku ya pili andika nusu saa baada ya kula. Linganisha orodha. Je, vitu ni vile vile? Mpangilio umebadilika? Usijinyime chakula kwa ajili ya jaribio hili, ile njaa ya kawaida ya saa sita inatosha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini panya wa Richter walipenda maji ya chumvi ambayo wengine waliyakataa?

2. Mtoto wa kisa cha mwaka 1940 angewezaje kuokolewa? Hii inatufundisha nini kuhusu kuwasikiliza wagonjwa?

3. Taja kitu au mtu unayemthamini sana. Je, ulimjua ukiwa katika shida? Shida ikiisha, thamani ile bado ipo?

4. Shule yenu ifanye nini ili mwanafunzi asikae na njaa na kiu hadi jioni? Andikeni mapendekezo matatu, mpeleke kwa mwalimu mkuu.